Mguu wa Bi Kwatu

Tulipomzika wifi yangu, mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mzima kuliko viungo vyake vyote. Moyo ulikuwa umechoka, macho yamefifia, na meno ya juu alikuwa akiyavua na kuyatia kwenye kikombe. Lakini kifundo cha mguu ule kilikuwa imara kama bawaba ya lango. Kama angeruhusiwa neno moja pale kaburini, naamini angewaambia waliomshusha, "Taratibu, msije mkanitegua." Mungu amrehemu. Mwaka haujaisha tangu aende, na mimi nikipita mlangoni mwa chumba chake cha kazi bado napunguza mwendo, kama mtu anayengoja kuitwa.

Siku ya mazishi watu walimsifu mpaka sikumtambua. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na mtu. Mume wangu akanibana kwa kiwiko nisiinue kichwa, maana alijua nikiinua nitacheka. Mzee wa kanisa akaongeza kwamba alikuwa mtu wa kusikiliza ushauri. Hapo mume wangu mwenyewe ndiye aliyekohoa. Nikasema moyoni, Bwana, wewe unamjua na sisi tunamjua. Huyu wanayemzika hawa ni mwingine. Basi nimeona niandike habari za yule wetu, nikianzia na mguu, kwa kuwa yeye mwenyewe angependa tuanzie hapo.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mjane asiyejaliwa mtoto, fundi wa sare za shule. Alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa, "kwa muda tu," na muda huo ukaendelea mpaka mauti. Tulimpa chumba cha mbele, kile chenye mlango unaofungukia barabarani. Akaweka humo cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kigoda cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Tulipotaka kukirekebisha alikataa. Alisema mteja akikaa vizuri hukaa sana.

Sketi zake za marinda hazikuwa na mfano. Msichana akizunguka, marinda yote yanafunguka pamoja kama mwavuli. Akisimama, kila moja linarudi mahali pake bila kuambiwa. Wazazi walitoka mitaa ya mbali kumfuata, na yeye aliwapokea kana kwamba wamechelewa.

Jina la Bi Kwatu alipewa na mtaa kwa ajili ya viatu. Alikuwa mfupi, na ufupi huo hakuukubali hata siku moja. Akitoka mlangoni ni lazima avae visigino virefu, kwatu, kwatu, kwatu, hata kama anavuka barabara kununua uzi. Nyumba zote zilijua amepita. Zilijua pia ameanguka, kwa sababu mlio ulikatika.

Kifundo cha kulia kilianza kumpinduka akiwa binti, akishuka ngazi za kanisa kwenye harusi ya rafiki yake, na tangu hapo kikafanya mazoea. Kilipinduka mferejini, kikapinduka kwenye kokoto, kwenye sakafu iliyopigwa deki, na mara moja kwenye zulia sebuleni kwetu, mbele ya wageni. Kila mara kosa lilikuwa la mwingine.

"Barabara hii imeoza," alisema siku moja nilipomkuta amekaa chini kando ya njia, mkoba mapajani, kama mtu aliyeamua kupumzika.

"Wifi, lami hii imewekwa juzi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Haijazoeana na watu."

Tulimwinua, akafunga mguu kwa kipande cha kitambaa cha kaki, akarudi kwenye cherehani mguu ukiwa umevimba kama boga. Kwake kuanguka kulikuwa kama mafua. Yanakuja, yanakwenda, na mtu hafungi duka.

Ila mwili unahesabu hata kama mwenyewe hahesabu. Cherehani ya kukanyaga haitaki nguvu, inataka mguu usiodanganya. Kisigino na vidole vinapokezana kwenye kibao cha chini, gurudumu linazunguka kwenda mbele, mshono unatembea. Mguu ukisita kidogo katikati, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, na ukiwa huna bahati hata sindano inavunjika. Mwaka ule, shule zilipofungwa tu, nilianza kusikia mambo nikiwa jikoni. Cherehani inakwenda vizuri, halafu inakwaruza, halafu kimya, halafu msonyo mrefu.

Asubuhi moja misonyo ilizidi nikaenda kuchungulia. Nilimkuta ameshika sketi mapajani. Mguu ulikuwa umeteleza kwenye kibao, kifundo kimejiachia chenyewe, naye amekaa zake, hata kiatu hana. Mshono ulikuwa umekata marinda kwa mshazari kama kovu. Nikangoja alaumu kibao, au mafuta, au waliotengeneza uzi. Hakulaumu kitu. Hapo ndipo nilipoogopa, maana wifi yangu asiyelaumu kitu ni mgonjwa.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini, "mguu huu ukiniacha, mimi nitakuwa nani humu ndani?"

Mumewe alikuwa ametangulia, watoto Mungu hakumpa. Alichobaki nacho ni kile kiti na kile kibao cha chini yake.

Mume wangu aliposikia alikuja na dawa yake. Yeye kila ugonjwa huutibu kwa kifaa.

"Dada, siku hizi watu wanafunga mota kwenye cherehani. Unagusa kidogo tu, inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Inashona, dada."

"Mguu wangu unajua kusubiri rinda likae. Mota inajua kukimbia tu. Nikitaka kukimbizwa nitamchokoza mbwa wa jirani."

"Basi nenda hospitali."

"Hospitali nitakwenda. Mota hapana."

Miaka mingapi tulimwomba aende hospitali, tukamfungia na saumu, asiende. Mota ikamfikisha kwa siku moja. Mungu ana watumishi wa kila aina.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana. Kabla hajafungua mdomo wifi alikuwa ameshaona kwamba kifungo cha pili cha shati lake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akaniminya mkono nione. Daktari akashika mfupa wa mguu kwa mkono mmoja na kisigino kwa mkono mwingine, akavuta. Unyayo ukaja mbele kama droo inayofunguliwa. Wifi akautazama mguu wake kama mtu aliyegundua mtoto wa nyumbani huwa anatoroka.

"Mama, upande huu wa nje kuna kano zinazofunga mfupa kwa mfupa ili mguu usipinduke," daktari akasema. "Zako zimechanika na kujiunga ovyo mara nyingi mno. Zimebaki nyuzinyuzi."

"Kama lastiki ya kiunoni iliyofuliwa sana."

"Kabisa."

"Basi zivute uzishone."

"Kwa mtu mwingine ningezivuta nikazishona. Zako hazina tena mahali pa kushika sindano. Itabidi niweke kano nyingine."

"Unainunua wapi?"

Daktari akagusa nyuma ya goti la wifi, upande wa ndani. "Siinunui. Hapa una kano nyembamba, ndefu, ambayo mwili unaweza kuikosa usiumie sana. Nitaichomoa, nitatoboa matundu kwenye mifupa ya kifundo, niipitishe njia ileile ya kano za zamani, halafu niibane kwa skrubu ndogo. Baadaye mfupa wenyewe utaishika."

Wifi akanigeukia. "Umesikia, wifi? Anataka kukata sketi nzima atie kiraka sketi mbovu."

"Goti lina kano nyingine za kusaidiana, Mama."

"Na hii ya kuhamishwa ikigoma? Mimi nimeishi na watu waliohamishwa kazi, nawajua."

Daktari akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Inachukua miezi kuzoea. Lakini inazoea."

"Basi ikaze, mwanangu. Ikaze isitikisike hata chembe."

"Nikiikaza hivyo mguu hautapinduka, ni kweli. Na cherehani hautakanyaga. Lazima niache nafasi kifundo kiende mbele na nyuma."

Mtu aliyewagombeza kina mama wangapi sijui, wale wanaotaka sketi ibane halafu wanauliza kwa nini mtoto hawezi kuruka kamba, hapo alinaswa kwa maneno yake mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili kabla hajalazwa, kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Kiongozi wao ana kipaji cha maombi marefu. Alianza na viongozi wa nchi, akapita kwa yatima na wajane, akawa anaelekea kwa wasafiri. Wifi akafumbua jicho moja.

"Mama, kwanza kifundo," akasema. "Cha kulia. Upande wa nje."

Mama yule akageuza maombi bila kusimama, kama dereva mzoefu. Baadaye nilimwambia wifi kwamba Mungu hapelekewi vipimo.

"Fundi asiyepelekewa vipimo anashona anachotaka," akanijibu.

Upasuaji walimfanyia kwa sindano ya mgongo. Miguu ikafa ganzi, kichwa kikabaki kazini, na hilo lilikuwa kosa lao. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na nesi alinihakikishia. Waliweka pazia kifuani asione. Akasikia keekee ikianza kutoboa mfupa, akauliza kutoka upande wa pili, "Daktari, tundu hilo limenyooka?"

"Limenyooka, Mama."

"Umepima au umekadiria?"

Wakamwongezea dawa akalala.

Alirudi nyumbani na plasta ngumu, magongo mawili, na mshono mdogo nyuma ya goti ambao aliukagua kwa kioo akasema si mbaya kwa mwanamume. Daktari alikuwa ametupa masharti: asiusimamie mguu ule, asitembee nao. Plasta ilipotolewa wakamvika buti gumu la kufunga kwa mikanda, masharti yakabaki yaleyale, ila buti aliruhusiwa kulivua wakati wa kuoga.

Shida ilikuwa sare. Kabla ya kulazwa alikuwa amepokea kazi za watu, akakata sketi zote, akazipanga mezani kila moja kwa kimo chake kama vitabu. Muhula ulikuwa unakuja. Wazazi walipita mlangoni, wakatazama buti, wakatazama sketi, wakasema, "Pole fundi," kwa sauti ya mtu anayefikiria mahali pengine. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi kijana mwenye cherehani ya mota, na ilisikika kutwa ikinguruma kama nyuki. Wifi alikuwa akifunga mlango wake, kisha anaufungua tena, asije akaonekana amefunga.

Siku moja naosha vyombo nikasikia cherehani. Nikadhani ni ya ng'ambo. Halafu nikasikia ule mwendo wa kusubiri rinda. Nilikwenda mikono ikitiririka povu.

Buti lilikuwa limesimama kando ya meza, limefungwa mikanda vizuri, kama mgeni aliyeambiwa angoje. Mwenye buti alikuwa kwenye cherehani, peku, anakanyaga.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema nisisimame, nisitembee. Wewe umenikuta nimesimama?"

"Unakanyaga kibao!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Naapa hakuwa mjanja siku ile. Maisha yake yote alikuwa akichoka kwa kutembea na kupumzika kwa kushona. Akitoka sokoni amechoka miguu, husema ngoja nikae kwenye cherehani kidogo nipumzike. Kichwani mwake kile kibao hakikuwa kazi ya mguu hata kidogo, kilikuwa sehemu ya kiti. Fundi mwingine yeyote wa kizazi chake angefanya vilevile, na mtu asiye fundi asingewazia.

Mguu wenyewe haukuwa na mawazo hayo. Mchana ulikuwa umevimba mpaka kovu limeng'aa, na ilipofika saa ya chai hakuweza kuurudisha ndani ya buti. Mume wangu akatafuta gari, tukarudi hospitali.

Tuliketi kwenye benchi la kungojea. Nikasikia anaomba chinichini, nikatega sikio nisikie vipimo atakavyompa Mungu leo. Hakutoa kipimo chochote. "Baba, unavyoona wewe," akasema, na hapo akaishia. Nikamshika mkono.

Daktari hakumgombeza kwanza. Alishika mfupa, akashika kisigino, akavuta. Wifi alifumba macho. Mimi niliyakodoa, nikingoja ile droo ifunguke. Daktari akavuta tena, polepole zaidi, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Imeshika," akasema.

Wifi akafumbua macho. "Useme tena."

"Imeshika, Mama. Lakini sikiliza. Sasa hivi kano hiyo inashikwa na skrubu. Mfupa bado haujaikubali. Ukikanyaga kile kibao unaitikisa kama jino, kila mara, kila mara. Ikilegea, mimi sitakuahidi tena cherehani. Kwa hiyo usisimame, usitembee, na usikanyage kitu chochote, uwe umekaa, umelala, au unaning'inia."

"Kuning'inia sikufikiria," wifi akasema.

Hakuwa akitania sana. Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani.

Nyumbani mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi, akazitazama sketi zile mezani, akamtazama dada yake. Ni mtu mwema, ila hajui kungoja.

"Dada, kuhusu ile mota."

Nilingoja habari za mbwa wa jirani. Hazikuja. Wifi alipitisha kidole kwenye ukingo wa sketi ya juu, akanyoosha rinda ambalo lilikuwa limenyooka.

"Ilete," akasema.

Sijui ni nini kilinishika. Labda ni ile sauti. Mtu aliyezoea kukusimanga, akizungumza nawe kwa upole unaona ni msiba. Nilivuta kile kigoda cha wateja, nikakisogeza ubavuni pa kiti chake, nikakaa, kikaniyumbisha kidogo nikaweka sawa, nikapenyeza mguu chini ya cherehani.

"Wewe shika kitambaa," nikamwambia. "Mimi nitakanyaga."

"Wewe? Wewe hata baiskeli huijui."

"Ndiyo maana sina mazoea mabaya."

Mume wangu akatutazama kama anayetazama ajali inayokuja, akaenda zake.

Siku ile ya kwanza hatukushona, tuligombana. Nilikanyaga gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikakanyaga tena likaenda mbele kwa kasi, naye akapiga kelele akivikunja vidole vyake ndani ya kitambaa.

"Polepole, wifi, hatufukuzwi."

Nikapunguza.

"Sasa umelala?"

"Si umesema polepole?"

"Nimesema polepole, sikusema ufe."

Sketi ya kwanza mshono wake ulikwenda kama njia ya mlevi akitoka kilabuni. Aliinyanyua juu kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma. "Hii," akasema, "tutampa mtoto wa adui." Kisha akanipa wembe niifumue yote.

Dawa ilipatikana bila mtu kuitafuta. Kesho yake asubuhi alianza kuimba wimbo wa toba, ule mwendo wa kuburuta tunaoimba watu wakienda mbele kupiga magoti, na mguu wangu, ambao umelelewa kanisani, ukaufuata wenyewe. Gurudumu likatulia. Akaingiza rinda la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyethubutu kusema kitu tusije tukaharibu. Tulipofika ukingoni mwa sketi tulikuwa tumeumaliza wimbo, tukaurudia mwanzo.

Tangu hapo kazi ikawa na utaratibu wake. Marinda tulishona kwa toba. Mishono mirefu ya ubavuni tulishona kwa sifa, na pindo, ambalo linataka mwendo wa kati, tulilipa nyimbo za Pasaka. Mtaa ulizoea. Mzazi akisimama mlangoni akasikia sifa, anajua ya kwake inakaribia kwisha. Mchungaji alipita mara mbili tatu, akatukuta tumeketi bega kwa bega, tunaimba toba mchana kweupe, akasimama akavua kofia. Jumapili iliyofuata alitutaja madhabahuni kwamba kuna nyumba ambayo ibada haizimiki. Wifi akaniminya paja. Tulitazama mbele.

Shule zilipofunguliwa sketi nyingi zilikuwa zimekwenda kwa wenyewe. Chache zilichelewa, na hizo alizitoa kana kwamba wenyewe ndio waliowahi.

Mazoezi ya mguu yalianza. Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole asiyebishika, nadhani Mungu alimchagua makusudi. Alimpa mpira mrefu auvute kwa unyayo kwenda nje na kurudi. Wifi akaunyoosha kwa vidole, akasema lastiki hii ni ya bei ya chini. Alimwambia asimame kwa mguu ule mmoja juu ya mto uliokunjwa. Kila asubuhi alisimama hivyo chumbani, ameshika bega langu, kifundo kikitetemeka kama kuku aliyeloa, nami nikitazama ukutani ili tusicheke tukaanguka wote. Siku zilivyokwenda mkono wake ukawa mwepesi begani. Kisha kikabaki kidole. Kisha hata kidole kikaondoka, naye hakuniambia kimeondoka.

Kuhusu visigino virefu walibishana mpaka basi. Wifi alianza juu, yule mama akaanza chini, wakapunguziana kama watu wanaopatana bei ya kitambaa, na mwisho yule mama hakusogea. Viatu bapa, maisha. Wifi alivinunua vyeusi, akavitazama kwa dharau miaka yote aliyovivaa. Jina la Bi Kwatu lilibaki. Watoto waliozaliwa mtaani baadaye walidhani ni la ukoo.

Daktari alipomwambia sasa anaweza kujaribu cherehani, muda mfupi, aache ikiuma, alisimama akaniambia twende. Alifika nyumbani, akanawa miguu, akafuta kibao cha chini kwa kitambaa safi, akatoa vumbi kwenye pembe. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, kwa mazoea, mguu wangu mahali pake.

"Toa mguu," akasema.

Nikautoa.

Akaweka wake. Aliuweka taratibu, kisigino kwanza, halafu vidole, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua. Akatia sketi chini ya sindano. Akakanyaga.

Gurudumu likarudi nyuma. Uzi ukakatika.

Hatukutazamana. Aliulowesha uzi mdomoni, akautia sindanoni. Ulipita mara ya tatu, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Nilikuwa naomba kwa haraka, maneno hayana mpangilio, nikimkumbusha Mungu kifundo, cha kulia, upande wa nje. Akaweka mguu tena. Safari hii alianza kuimba toba kabla hajakanyaga, ubeti mzima wa kwanza mguu umetulia, na kilipofika kiitikio akakanyaga.

Gurudumu likaenda mbele.

Sikutazama sindano, nilitazama kifundo. Kilikwenda mbele, kikarudi nyuma, na kila kilipofika pale kilipokuwa kinasita, hakikusita. Ile kano iliyotolewa nyuma ya goti ilikuwa humo ndani ya mfupa inafanya kazi ya wengine, haigomi. Rinda liliingia, likafuata jingine. Alifika mwisho wa sketi, akakata uzi kwa meno, akaigeuza ndani nje na kuisogeza karibu na macho. Akanipa niitazame. Ilinyooka kama mstari wa daftari.

"Si mbaya," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu aliyetiwa kiraka."

Akavuta sketi ya pili, akaendelea na wimbo pale alipouachia. Nikamwitikia. Tulikuwa tumefika katikati ya marinda ndipo akanyamaza ghafla, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga, akainama kutazama chini ya meza. Mguu wangu ulikuwa unakwenda juu na chini kwenye sakafu tupu, kisigino na vidole, kwa mwendo uleule wa wake.

"Wifi," akasema, "unashona nini huko chini?"

"Nashona yangu."

"Basi nyoosha mshono," akasema, na hakuniambia niondoke.